Kilichomo kwenye chanjo ya HPV si kile kinachoigeuza seli kuwa saratani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nijibu hoja iliyotolewa humu na msomaji mwenzangu, ambaye alihoji kwa nini Serikali inawachanja mabinti wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya virusi vya papiloma, yaani HPV, ilhali wataalamu hao hao wanasema virusi hivyo ndivyo vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Swali lake lilikuwa fupi: je, huku si kumpandikizia mtoto saratani? Waliomjibu baadaye walimwita mpotoshaji, wakamtaka awaamini madaktari, na mjadala ukaishia hapo. Kwa maoni yangu hakujibiwa. Aliuliza swali la biolojia, nalo lina jibu la biolojia, jibu lililotafutwa kwa zaidi ya miaka 100 na ambalo mtu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kulifuata endapo atalielezwa taratibu.

Nimefanya kazi katika maabara ya patholojia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kazi ya kukata vipande vyembamba vya nyama iliyotolewa kwa wagonjwa, kuvitia rangi na kuvipeleka kwa daktari avisome kwenye darubini. Kipande cha mlango wa kizazi chenye afya kina mpangilio unaoonekana hata kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza: chini kabisa kuna safu ya seli ndogo, na huko ndiko seli zinakogawanyika, kadiri unavyopanda juu, seli zinatanuka, zinakuwa bapa, zinaacha kugawanyika, na mwishowe zinapukutika. Katika kipande kilichoanza kuharibika mpangilio huo umevurugika. Viini vya seli vimekuwa vikubwa, havilingani, vimekolea rangi ya zambarau, na katika tabaka za juu, ambako hakuna seli iliyotakiwa kuwa bado inazaliana, unaikuta seli iko katikati ya kugawanyika, kromosomu zake zimejipanga mstari tayari kwa kutengana. Swali la kuuliza hapo ni nani aliyeiamuru seli ile igawanyike. Kwa karibu wagonjwa wote wa saratani hii, aliyeiamuru ni protini mbili zinazotengenezwa kwa maelekezo ya jeni mbili za kirusi, nazo zinaitwa E6 na E7.

Wazo kwamba jeni za kirusi zinaweza kuiamuru seli ya mnyama lilichukua muda mrefu kukubalika. Mwaka 1911 Peyton Rous, wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alieleza jinsi alivyousaga uvimbe wa kuku, akauchuja kwa kichujio kisichopitisha seli wala bakteria, kisha akawachoma kuku wengine yale maji yaliyopita, nao wakaota uvimbe wa namna ileile. Wengi waliona ni mambo ya kuku tu. Tuzo ya Nobel alikuja kuipata mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87. Jeni ya kirusi hicho inayosababisha uvimbe ilipewa jina la src, na mwaka 1976 Dominique Stehelin, Harold Varmus, Michael Bishop na Peter Vogt wakaonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: jeni hiyo haikuanzia kwenye kirusi. Imo katika vinasaba vya kuku mzima asiye na ugonjwa wowote, na jamaa zake zimo katika wanyama wengine, binadamu akiwamo, ambako hufanya kazi halali ya kupokea ishara za ukuaji. Kirusi kiliibeba kutoka kwenye seli kilizopitia zamani, na nakala iliyobebwa ilikosa kipande cha mwisho ambacho kwa kawaida huifunga protini yake inyamaze. Protini isiyonyamaza huisukuma seli ikue bila kupumzika. Habari ya jeni ya ras inafanana na hiyo: ilijulikana kwanza kupitia virusi vya uvimbe vya panya, na mwaka 1982 ikakutwa katika saratani ya kibofu cha mkojo cha binadamu, ambako hapakuwa na kirusi chochote, bali herufi moja tu ya jeni ilikuwa imebadilika. Tangu hapo virusi vya uvimbe vimekuwa njia ya kuijua saratani yote, hata ile isiyohusiana na virusi.

Papiloma haipo katika kundi hilo la virusi vilivyobeba jeni za seli. Ni ya kundi la pili, la virusi vyenye vinasaba vya DNA, ambavyo havikuiba jeni za ukuaji kutoka kwa seli bali vina jeni zake vyenyewe za kuzilemaza protini zinazoizuia seli isigawanyike ovyo. Kielelezo maarufu cha kundi hili ni kirusi kinachoitwa SV40, na hapa sitaki kuruka jambo ambalo wapinga chanjo hulitaja na watetezi wa chanjo hulikwepa. SV40 kiligunduliwa mwaka 1960 katika seli za figo za nyani, zilezile zilizokuwa zikitumiwa kuzalisha chanjo ya polio, na ni kweli kwamba baadhi ya chanjo za polio zilizotolewa kati ya mwaka 1955 na 1963 zilikuwa na kirusi hicho. Ni kweli pia kwamba kikichomwa kwa vichanga vya hamsta, mnyama mdogo anayefanana na panya, huwaletea uvimbe. Watu waliochanjwa wakati ule wamefuatiliwa kwa miongo kadhaa nchini Marekani na Ulaya, na ufuatiliaji huo haukuonyesha ongezeko la saratani linaloweza kuhusishwa na chanjo ile. Hata hivyo, mtu akiniambia kwamba tukio hilo linampa haki ya kuuliza kilichomo ndani ya kichupa, nitamwambia ndiyo, haki hiyo anayo, na ndiyo maana ninaandika barua hii.

Seli iliyogeuzwa na jeni za virusi hivi hutambulika kwa tabia zake kwenye sahani ya maabara. Seli za kawaida za mnyama anyonyeshaye, zikioteshwa kwenye sahani yenye maji ya virutubisho, hutambaa na kuenea mpaka zigusane, kisha husimama zikiwa tabaka moja. Hazioti zikiwa zinaelea, hutaka kushika sehemu ngumu. Na baada ya kugawanyika mara kadhaa huzeeka na kukoma. Seli iliyopewa jeni kuu ya SV40 huanza kupanda juu ya jirani zake, hujikusanya vilima vidogo vinavyoonekana kwa macho, huota hata ndani ya ute laini usio na pa kushika, huridhika na virutubisho kidogo, na haizeeki. Mwaka 1979 makundi kadhaa ya watafiti, miongoni mwao David Lane na Lionel Crawford mjini London, yalipokuwa yakiichunguza protini ya SV40 yaliikuta imeshikamana na protini ya seli ambayo haikuwa inajulikana. Ikaitwa p53. Leo tunajua kwamba jeni ya p53 imeharibika katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu. Mwaka 1988 ikaonekana kwamba protini ya kirusi kingine, adenovirusi, nayo huishika protini ya seli iitwayo Rb, na muda mfupi baadaye ikajulikana kwamba E7 ya papiloma huishika Rb hiyohiyo, na E6 huishika p53. Virusi vitatu ambavyo havina undugu wa karibu vilikuwa vimewafikisha watafiti kwenye milango miwili ileile.

Rb ni protini gani? Ilijulikana kutokana na retinoblastoma, saratani ya jicho la watoto, ile ambayo mara nyingi mzazi huiona kwanza kama mng'ao mweupe ndani ya mboni, pengine katika picha iliyopigwa kwa flashi. Seli za uvimbe huo zimepoteza nakala zote mbili za jeni ya Rb. Katika seli yenye afya iliyotulia, Rb huwa imeikamata protini nyingine, E2F, ambayo kazi yake ni kuziwasha jeni za kunakili vinasaba. Seli ikipata ishara halali ya kukua, vimeng'enya vyake huipachika Rb chembe za fosfati, Rb hulegea, E2F huachiwa, na seli huanza kunakili vinasaba vyake ili igawanyike. Ishara ikikoma, Rb huikamata tena E2F na kazi husimama. E7 haisubiri ishara. Huishika Rb kwa namna inayoifanya iiachie E2F, na juu ya hayo huifanya ivunjwe. E2F inabaki huru saa zote. Kwa maneno mengine, E7 inaifanyia seli ya mlango wa kizazi lile ambalo kupotea kwa jeni kuliifanyia seli ya jicho la yule mtoto, tofauti ikiwa kwamba hapa jeni ya Rb ni nzima na inaendelea kutengeneza protini ambayo inaharibiwa kila inapotoka.

Mtu atauliza kirusi kinafaidika nini. Papiloma ni kirusi kidogo sana, chenye herufi za vinasaba zipatazo 8,000 tu, wakati binadamu ana bilioni tatu. Hakina kimeng'enya chake chenyewe cha kunakili vinasaba, kinategemea cha seli. Huingia kupitia vijeraha visivyoonekana na kukaa katika seli za chini, lakini vitoto vyake huviunda katika tabaka za juu, katika seli ambazo zimeshaacha kugawanyika na kuifunga mitambo ya kunakili. Bila E7 ya kuifungua mitambo hiyo upya, kirusi kisingezaliana. Kuleta saratani hakukisaidii chochote, na nitarudi kwenye jambo hili.

Seli, hata hivyo, haikubali kusukumwa kirahisi. Ikigundua kwamba inanakili vinasaba bila utaratibu, p53 huongezeka, nayo huisimamisha seli au kuiamuru ijiue. Laiti kirusi kingekuwa na E7 peke yake, seli nyingi zilizoambukizwa zingekufa na habari ingeishia hapo. Ndipo E6 inapoingia. E6 haiivunji p53 yenyewe. Hujiunga na protini ya seli iitwayo E6AP, na kwa pamoja huibandika p53 alama ya ubikwitini, ile ambayo seli hutumia kuonyesha protini zilizochakaa zinazotakiwa kutupwa. Mtambo wa seli wa kuvunja protini ukiiona alama hiyo huimeza p53 na kuisaga. Ni kama mtu anayemwitia mwenzake mwizi sokoni: aliyepiga kelele hanyanyui hata jiwe, umati ndio unaomaliza kazi. Tena E6 huiamsha telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, kwa hiyo seli ambayo ingezeeka baada ya vizazi kadhaa haizeeki.

Si kila papiloma inayaweza haya. Kuna aina zaidi ya 200, na zile zinazoleta vigwaru (chunjua) vya mikononi au vya sehemu za siri, kama aina ya 6 na ya 11, zina E7 inayoishika Rb kwa ulegevu na E6 isiyoweza kuiangamiza p53. Ndiyo sababu vigwaru ni kero na si saratani. Aina za 16 na 18, ambazo Harald zur Hausen na wenzake nchini Ujerumani walizitambua katika uvimbe wa wagonjwa mwaka 1983 na 1984, ndizo zenye jeni kali, na peke yake zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Zur Hausen alipewa Nobel mwaka 2008.

Sasa nirudi kwenye suala la faida. Kirusi kinachojiendeshea maisha yake ya kawaida kina jeni nyingine, E2, inayozipunguza nguvu E6 na E7 zisivuke mpaka. Vinasaba vya kirusi viko katika umbo la pete, pembeni ya kromosomu za seli. Katika saratani nyingi za mlango wa kizazi pete hiyo imekatika na kuchomekwa katikati ya kromosomu ya binadamu, na mara nyingi mkato umepita juu ya E2. Kuanzia hapo E6 na E7 zinatengenezwa bila kizuizi, lakini kirusi chenyewe kimekwisha: hakiwezi tena kuunda kitoto wala kumwambukiza mtu mwingine kutoka katika seli hiyo. Saratani ni ajali ambayo inamwua mgonjwa na kukifunga kirusi ndani ya seli hizo milele. Kwa hiyo tusidanganyane: uvimbe hauambukizi. Anayemuuguza mama mwenye saratani ya kizazi, anayemwogesha, anayekula naye sahani moja, hapati saratani kwake, na wale wanaowatenga akina mama hawa wanafanya ukatili usio na msingi wowote.

Ushahidi kwamba seli za saratani zinaendelea kuzitegemea jeni hizi mbili ni wa kustaajabisha. Mwaka 1951 madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, walichukua kipande cha uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, bila kumwomba ridhaa. Alifariki mwaka huohuo. Seli zake, HeLa, zinaoteshwa hadi leo katika maabara duniani kote, nazo zina vinasaba vya papiloma ya aina ya 18, E6 na E7 zikiwa bado zinafanya kazi. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti walizirudishia seli hizo jeni ya E2. E6 na E7 zikazimika, p53 na Rb zikajitokeza upya, na seli ambazo zilikuwa zimegawanyika bila kukoma kwa miongo minne zikasimama na kuzeeka. Protini za kuzizuia zilikuwemo muda wote huo, ni kwamba zilikuwa zinaharibiwa kila siku.

Pamoja na hayo yote, E6 na E7 hazitoshi peke yake. Seli za ngozi ya binadamu zikipewa jeni hizo kwenye sahani zinakuwa zisizozeeka, lakini zikipandikizwa kwa panya hazioti uvimbe mara moja. Huhitaji mabadiliko mengine ya vinasaba, ambayo seli isiyo na p53 huyakusanya kidogo kidogo kwa sababu hakuna kinachoisimamisha ijirekebishe. Ndiyo maana kati ya maambukizi na saratani hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Wanawake wengi walioambukizwa hata hawafiki huko: kinga ya mwili hukifuta kirusi, kwa walio wengi ndani ya miaka miwili, bila wao kujua kwamba kiliwahi kuwapo. Kinga ikiwa dhaifu hesabu hubadilika. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yuko katika hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi ya asiye navyo, na asipotibiwa safari hiyo inaweza kufupika ikawa ya miaka 5 hadi 10. Naongeza kwa mabano ya maneno tu kwamba kirusi hiki ni cha kawaida mno kwa watu wote walioanza kujamiiana, na mwanamke mwenye mume mmoja maisha yake yote anaweza kukipata. Anayeitumia saratani hii kama cheti cha tabia ya mgonjwa hajui anachokisema.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa zamani zaidi wa jambo hili, kwamba kirusi ni sehemu ya sababu na si sababu nzima. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaokua haraka kwa watoto. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaonyesha kirusi ndani ya seli zake. Kirusi cha Epstein-Barr kinawaambukiza karibu watu wote duniani, lakini uvimbe wa Burkitt umejaa zaidi kwenye ukanda wetu wenye malaria nyingi, kwa sababu malaria ya mara kwa mara huzichochea seli zilezile ambazo kirusi hukaa, na katika hali hiyo kromosomu hukatika na jeni ya ukuaji iitwayo myc ikahamia mahali isipotakiwa. Kirusi kimoja, mabilioni ya watu, na watoto wachache wanaougua. Tofauti imo katika mambo mengine yaliyoikuta seli.

Nilifika huku kote ili nilijibu swali la msomaji mwenzangu kikamilifu. Ni kitu gani kinachoigeuza seli? Ni jeni za E6 na E7. Je, ziko ndani ya chanjo? Hazimo. Chanjo ya HPV haina kirusi kilicho hai wala kilichouawa, na haina vinasaba vya kirusi. Kutoka kwa kirusi ina protini moja tu, L1, ambayo ni ganda lake la nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waligundua kwamba protini ya L1 ikitengenezwa peke yake hujipanga yenyewe na kuwa kiganda cha duara kinachofanana kabisa na kirusi kwa nje, huku ndani hamna kitu. Viganda hivyo hutengenezwa kwa hamira, kwa seli za wadudu, au kwa bakteria, kutegemea chanjo ni ya kampuni gani, na si kwa figo za nyani wala kwa seli za saratani. Mwili wa binti ukiviona huunda kingamwili za kulishika ganda hilo, ili siku kirusi chenyewe kitakapokuja kikamatwe kabla hakijaingia kwenye seli. Ganda tupu haliwezi kuzaliana, haliwezi kuingiza jeni, haliwezi kuishika Rb wala p53. Madai ya kwamba linaharibu uzazi nayo hayana njia ya kibiolojia ninayoifahamu, wala hayajaonekana katika nchi zilizochanja mamilioni ya wasichana kwa zaidi ya miaka kumi, Rwanda ikiwa mojawapo, ambayo ilianza mwaka 2011.

Wengine wameona mashaka katika kupunguzwa kwa dozi. Tanzania ilianza kuchanja nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja. Mtaani ikasemwa kwamba ya kwanza ilikuwa na kasoro. Ukweli ni kwamba uamuzi huo umetokana kwa sehemu na kazi iliyofanywa hapa kwetu. Mabinti 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki katika utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu, na dozi moja ikaonekana kuamsha kingamwili zinazodumu. Nchini Kenya utafiti mwingine wa wasichana na wanawake vijana 2,275 ulionyesha kwamba baada ya miezi 18 dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya aina za 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97. Nalilaumu hapa, kwa heshima, jinsi habari hizo zilivyotangazwa: wazazi waliambiwa ratiba mpya bila kuambiwa sababu, na penye kimya watu hujaza wanachotaka.

Liko jambo moja ambalo chanjo haiwezi kulifanya, na linatokana moja kwa moja na maelezo ya hapo juu. Kingamwili hukikamata kirusi kilicho nje ya seli. Jeni za E6 na E7 zikishakaa ndani ya seli, na hasa zikishachomekwa kwenye kromosomu, chanjo haizioni wala haiziondoi. Kwa hiyo mama wa miaka 40 anayemleta binti yake kuchanjwa hajalindwa na sindano ya mwanawe, naye ndiye aliye katika umri ambao seli zilizoambukizwa zamani huanza kuleta madhara. Kwake yeye kinga ni uchunguzi, ambao Shirika la Afya Duniani linashauri uanze katika umri wa miaka 30, au 25 kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kipimo kinaweza kuwa cha kutafuta vinasaba vya kirusi, ambacho mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe, au kile cha siki kilichozoeleka katika vituo vyetu: muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, na sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Doa hilo likikutwa mapema mara nyingi hugandishwa au huchomwa kwa joto siku ileile, na mgonjwa hurudi nyumbani kwa miguu yake. Likiachwa, safari yake huishia Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, na wengi hufika huko wamechelewa.

Ninaliomba gazeti lako jambo dogo, Ndugu Mhariri. Linapochapisha tangazo la wiki ya chanjo mashuleni, lichapishe kando yake, kwa sentensi tatu au nne, kilichomo ndani ya kichupa, na majina ya zahanati na vituo vya afya vya wilaya husika ambako akina mama wa mabinti hao wanaweza kuchunguzwa wiki hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtaalamu wa maabara mstaafu, Tanga